Mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea halafu kichwa kinauma sana, daktari kasema ni kipandauso. Kuna mwenye uzoefu?

Dada_wa_Kwanza

Habari zenu wadau, naombeni mnisaidie maana tangu juzi usingizi hauji. Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 24, mzima kabisa, hana presha hana sukari, ila hii ni mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu anapatwa na kitu ambacho mimi kwa macho yangu niliona ni kiharusi.

Alikuwa anapiga pasi asubuhi, akaniita akasema dada jicho langu lina kitu. Anaona kama uzi wa mwanga unaometameta, umekunjwakunjwa kama meno ya msumeno, uko upande wa kulia na hata akifumba jicho moja bado upo tu. Nikamwambia kaa chini. Kama dakika 15 hivi vidole vya mkono wa kulia vikaanza ganzi, ganzi ikawa inapanda taratibu mpaka kwenye kiwiko halafu ikahamia mdomoni na nusu ya ulimi. Mi niko hapo namsugua mkono nadhani itaisha. Nikampa kikombe cha maji kikamponyoka, alipotaka kuinuka mguu ukawa unaburuza, na alipojaribu kusema anataka kulala likatoka neno "funguo", akarudia tena "funguo, funguo" huku machozi yanamtoka maana anajua kabisa anakosea ila neno lenyewe halipatikani. Jamani sitasahau ile sura. Kichwa ndo kikafuata baadaye, upande wa kushoto, na kutapika, na hataki mwanga hata wa simu.

Mara ya kwanza hospitali walimpiga siti skani ikatoka safi, damu safi, wakasema ni msongo wa mawazo. Mara ya pili kuna mtu pale akasema mbele yake kwamba anajifanya, kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Safari hii tumekutana na daktari mwingine, kauliza maswali kama nusu saa nzima, akasema inaonekana ni aina ya nadra ya kipandauso inayolegeza upande mmoja wa mwili, akaiita hemiplejiki maigreni, akatuandikia tumuone daktari wa mishipa ya fahamu na apigwe MRI. Nguvu zimerudi baada ya siku 2, mguu ulitangulia kisha mkono.

Sasa maswali yangu. Kweli kichwa kinaweza kupoozesha mtu hivi? Iko siku atabaki hivyohivyo? Na kuna rafiki yake kampa sumatriptani anasema ndo dawa ya kipandauso yeye inamsaidia sana, aitumie au asiitumie? Anatumia pia vidonge vya uzazi wa mpango kama hilo lina maana yoyote.

Nusu_Mwili

Dada pole sana, na mpe pole mdogo wako. Nimesoma hapo kwenye "funguo" nikalazimika kuweka simu chini kwanza, mimi neno langu lilikuwa "dirisha".

Ninayo hii kitu tangu nina miaka 13, sasa hivi nina 31. Na mimi niliambiwa najifanya, tena na mwalimu, siku hiyo sikuweza kushika kalamu. Kwa hiyo kwanza kabisa mwambie mdogo wako kwamba ipo, ina jina, ina vigezo vyake vinavyojulikana na madaktari dunia nzima. Ni nadra kweli, Denmark waliwahi kuhesabu wakapata kama mtu 1 kati ya 10,000, ndo maana daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo.

Nikueleze nilivyoelezwa mimi, maana kuelewa kulinipunguzia hofu kuliko dawa yoyote. Kwenye ubongo kunapita kama wimbi, seli zinawaka kwa pamoja halafu zinazimika kwa muda, na hilo wimbi linatembea polepole sana, kama milimita 3 kwa dakika. Aliyeliona kwanza ni Mbrazili anaitwa Aristides Leão mwaka 1944, alikuwa anachunguza ubongo wa sungura. Sasa wimbi likiwa sehemu ya nyuma ya kichwa inayohusika na kuona unaona ile misumeno ya mwanga, likisogea mbele kwenye sehemu ya hisia unapata ganzi, likigusa panapoendesha mkono na mguu unalegea, likigusa panapotunza maneno ndo unasema dirisha wakati unataka maji. Ukisoma ulivyoandika mwenyewe utaona limefuata njia hiyohiyo, jicho, vidole, kiwiko, mdomo, mkono, maneno. Ule mpangilio wa kutembea taratibu ndo ulionipa jina la ugonjwa, maana kwa kawaida kiharusi hakitembei hivyo, kinakuja ghafla na kila kitu kinaondoka kwa wakati mmoja.

Kubaki hivyohivyo: kwa kawaida hapana, nguvu zinarudi zote, na hilo ni sehemu ya vigezo vyenyewe. Kuona na ganzi vinaisha ndani ya saa moja au zaidi kidogo, ila kulegea kunakaa masaa mpaka siku, kawaida chini ya siku 3. Mimi mara moja kulikaa siku 9, ilikuwa mbaya, nilichanganyikiwa na homa juu, nikalazwa. Wapo pia ambao inafika wiki kadhaa. Na usishangae siku nyingine ikamkamata upande wa kushoto badala ya kulia, mimi inabadilisha, na kichwa chenyewe kinaweza kuuma upande uleule uliolegea au upande wa pili.

Hiyo sumatriptani msimpe kwanza mpaka daktari wa fahamu aseme. Kwa aina yetu dawa za kundi hilo zimekatazwa hata kwenye karatasi ya ndani ya boksi.

Mpita_Njia77

Samahanini wakuu, mimi sikubaliani na kumtuliza mtu hivi. Baba yangu mdogo alianza na ganzi ya mkono tukamwambia lala itaisha, kumbe kiharusi, mpaka leo anatembelea fimbo. Hapa tunaongelea mtu kalegea upande mzima na maneno yamepotea halafu tunamwambia ni kichwa? Kesho mwingine atasoma huu uzi atakaa nyumbani na kiharusi chake akisubiri wimbi lipite. Mimi nasema mkono ukilegea ni hospitali, basi.

Nesi_wa_Zamu

Naomba niingie hapa maana nimefanya kazi kwenye mapokezi ya dharura miaka mingi na wote wawili wana la kweli.

Mpita_Njia77 pole kwa baba mdogo, na uko sahihi kwenye jambo la msingi. Mtu akilegea upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakapotea, kama ni mara yake ya kwanza hiyo ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo. Hakuna mtu wa kukaa nyumbani akihesabu milimita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo kitu cha maana kuliko vyote utakachokuja nacho hospitali ni saa kamili aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Na msimpe aspirini mkiwa njiani, kama ni damu imevuja ndani ya kichwa mtakuwa mmeongeza tatizo.

Hata kwa mtu ambaye tayari ana jina la ugonjwa, arudi hospitali haraka shambulio likija tofauti na alivyozoea. Yaani limekuja kwa ghafla moja bila kutembea, au halina mwanga wala ganzi ni kulegea tu, au ana homa na shingo imekaza, au amepata degedege, au anasinzia haamki vizuri, au siku 3 zimepita nguvu hazirudi. Kuwa na kipandauso hakumkingi mtu na kiharusi, tena kipandauso chenye hizi dalili za kutangulia kinaongeza hatari kidogo.

Hapo ndo nakuja kwenye vidonge vya uzazi wa mpango na dada yangu naomba hili ulichukulie uzito leo leo. Kama ni vile vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, mwanamke mwenye kipandauso cha kuona mwanga na ganzi hatakiwi kuvitumia kabisa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaviweka kundi la 4, maana yake hatari yake kiafya haikubaliki, visitumike. Asikae akajiachia hivihivi akapata mimba ambayo hakuipanga, aende kliniki abadilishiwe, njia zenye projestini peke yake au kitanzi zipo. Akivuta sigara ndo mbaya zaidi. Nashangaa hospitali zote mbili hakuna aliyeuliza, lakini pia nilishawahi kusahau kuuliza mimi mwenyewe kwa mgonjwa mwingine na najuta hadi leo, kwa hiyo msisubiri kuulizwa, semeni.

Mambo mengine yanayofanana na haya na ambayo yanatakiwa yaondolewe kwanza: sukari kushuka (kipimo cha tone moja la damu tu), kulegea baada ya kifafa, hasa kama degedege halikuonwa na mtu kwa mfano alikuwa amelala, uvimbe kwenye ubongo, na magonjwa mengine ya kinga kushambulia neva. Ndo maana MRI. Ikitoka safi msivunjike moyo mkaona hakuna ugonjwa, kwa ugonjwa huu kutoka safi ndo kawaida. Ila akitaka mtu kumfanyia kile kipimo cha kuingiza mrija mpaka kwenye mishipa ya kichwa na kumwaga dawa ya kung'aza, mwambieni kwanza kuhusu hili jina, kwa watu hawa kipimo hicho kinaweza chenyewe kuamsha shambulio kali.

Kitu kingine kidogo ambacho kinawasaidia sana madaktari. Ganzi nzito mtu anaweza kuiita kulegea wakati misuli ina nguvu zake zote, na hapo inakuwa ni kipandauso cha kawaida chenye ganzi wala siyo hiki cha nadra. Shambulio likija mwambie afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele viganja vikiangalia juu, muhesabu mpaka 10. Mkono uliolegea utashuka na kujipindua wenyewe. Mrekodi kwa simu mkiwa njiani kwenda. Kwa shambulio ambalo limeshaisha daktari hana cha kushika, ile video ndo inakuwa mgonjwa wake.

Baba_Wawili

Nesi asante kwa hilo la video, kwetu ndo lilituokoa. Kijana wangu alianza akiwa na miaka 9, na kwetu ni ya ukoo. Mke wangu anayo nyepesi, baba yake aliyokuwa nayo ilikuwa nzito na watu walikuwa wanamuona mlevi kwa kutembea anaburuza mguu na kuongea maneno hayaeleweki, na hakuwahi kugusa pombe maisha yake yote. Alifariki hajui ana nini. Nikikumbuka nasikia uchungu sana.

Dada_wa_Kwanza waulize wazee wenu vizuri. Vigezo vinahesabu ndugu wa karibu, mzazi, ndugu wa tumbo moja, mtoto, halafu babu, bibi, shangazi, mjomba. Usiwaulize nani ana kipandauso maana wengi hawajawahi kupewa hilo jina, uliza nani alikuwa anajifungia chumbani siku mbili, nani mkono ulikuwa unamfia. Akipatikana hata mmoja aliyekuwa analegea hivyohivyo inaitwa ya ukoo, asipopatikana inaitwa ya mtu mmojammoja, ila ugonjwa wenyewe ni uleule.

Vinasaba vikubwa vinavyojulikana ni 3. Kimoja kinaitwa CACNA1A kilipatikana 1996, kinahusika na mlango wa kalsiamu kwenye seli za ubongo, cha pili ATP1A2 kilipatikana 2003 ni pampu ya sodiamu na potasiamu, cha tatu SCN1A mwaka 2005, mlango wa sodiamu. Chochote kati ya hivyo vitatu kikiharibika ubongo unakuwa mwepesi kuwashwa, lile wimbi linaanza kirahisi. Mzazi mwenye nacho kila mtoto ana nusu kwa nusu kukirithi. Kwangu mmoja anacho mwingine hana. Wapo pia wengi wana ugonjwa lakini kipimo hakioni kinasaba chochote, kwa hiyo kipimo kikitoka hakuna siyo mwisho wa habari.

Kwa nini nayasema haya yote. Kwa sababu kwenye hicho cha kalsiamu kugongwa kichwa hata kidogo kunaweza kuleta shambulio baya. Kijana wangu alipiga mpira kwa kichwa, kitu cha kawaida kabisa uwanjani, baada ya saa moja tukawa na mtoto asiyeamka, siku 4 hajitambui. Alipona yote namshukuru Mungu. Sasa anacheza ila hagusi mpira kwa kichwa na walimu wake wote wanajua, na hilo tulilipata kwa kujua jina la kinasaba. Ningelijua mapema.

Na baadhi ya familia za kinasaba hicho wanapata pia matatizo ya kuyumba, macho kuchezacheza, kwa hiyo mwendo wake na macho yake vikaguliwe hata siku ambazo haumwi.

Dada_wa_Kwanza

Wadau sina cha kusema, Mungu awabariki. Vidonge nimeshaangalia boksi, ni vya homoni mbili, kesho asubuhi na mapema tunaenda kliniki. Sumatriptani nimeirudisha kwa mwenyewe.

Swali moja la dawa. Kama hizo haziruhusiwi anatumia nini? Nusu_Mwili wewe unatumia nini?

Nusu_Mwili

Shambulio likianza natumia za kawaida tu, ibuprofeni au naproksini mapema pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, chumba giza, usingizi. Kulegea kwenyewe hakuna kidonge cha kukukatisha, unasubiri kwa utulivu na mtu karibu yako, usiwe peke yako kwenye ngazi wala bafuni. Usizidishe za maumivu, zikizidi siku 15 kwa mwezi zenyewe zinaanza kuleta kichwa cha kila siku, niliingia humo mwaka mzima.

Za kuzuia ndo kuna habari nyingi, na hapo kila mtu na mwili wake kwa sababu ugonjwa ni wa nadra hivyo hakuna majaribio makubwa ya kulinganisha. Mimi nilianza verapamili, kwangu haikufanya kitu zaidi ya choo kigumu. Flunarizini ilipunguza ila nilinenepa na kusinzia kazini. Sasa niko kwenye asetazolamaidi mwaka wa nne, nimetoka mashambulio 10 kwa mwaka nikafika 2. Kinachosumbua ni kwamba yenyewe inaleta kuwashwawashwa kwenye vidole, mwezi wa kwanza kila siku nilidhani shambulio linaanza, moyo unaenda mbio. Mpaka nilipogundua ya dawa inakuja mikono yote miwili na miguu na haitembei, ya ugonjwa ni upande mmoja na inapanda. Nakwambia mapema isije ikamtisha kama watampa hiyo. Wengine wanapewa lamotrijini au topirameti. Akipewa topirameti au valproeti na ana mpango wa kubeba mimba aseme kabla hajaanza, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, valproeti hasa.

Awe pia na daftari, aandike alilala saa ngapi, hedhi, mwanga mkali, hasira, kugongwa, chochote. Kwangu mimi ilikuja kuonekana ni kupumzika baada ya msongo, siyo msongo wenyewe. Ijumaa jioni. Miaka mingapi nililaumu kazi.

Mpita_Njia77

Nimesoma yote. Nesi nimekuelewa, na Nusu_Mwili naomba radhi kama nilionekana nakupinga wewe, ni uchungu wa baba mdogo tu. Hilo la kuandika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho nimelituma kwa familia nzima.

Dada_wa_Kwanza

Mrejesho. Vidonge vimebadilishwa. Miadi ya daktari wa fahamu tumepata wiki ijayo. Na nimempigia mama jana usiku nikauliza kama Baba_Wawili alivyosema, nani alikuwa anajifungia. Akanyamaza kidogo akasema mama mdogo, marehemu, kila baada ya miezi kadhaa alikuwa analala siku mbili na watoto walikuwa wanakatazwa kuingia, na akitoka alikuwa anashika ukuta. Mama analia, anasema walikuwa wanamwita mvivu.

Mdogo wangu yuko hapa pembeni ameomba aandike mwenyewe, namwachia simu.

Habari zenu, ni mimi mwenyewe. Mkono umerudi ila vidole bado vinachoka naandika nafuta naandika. Asanteni kwa kuniamini. Nilitaka kumuuliza Nusu_Mwili, kabla maneno hayajaondoka huwa unajua kwamba yanaondoka? Kinachoniogopesha siyo mkono, ni kuwa peke yangu na watu nisiowajua halafu niseme funguo.

Nusu_Mwili

Mdogo wangu, kwangu ulimi ukishaanza ganzi nusu najua nina kama dakika 10. Sijawahi kupata zaidi ya hapo na mara moja zilikuwa chache zaidi. Kwa hiyo sisubiri kuandika muda huo. Nina ujumbe niliouandika zamani umekaa kwenye simu, una jina la ugonjwa, dawa nisizotakiwa kupewa, namba ya mtu wangu, na mstari wa juu kabisa unasema: nakusikia na ninaelewa kila kitu, nimeshindwa kutamka tu. Ninao pia kwenye karatasi ndani ya pochi, kwa sababu mwanga wa simu muda huo siwezi kuutazama. Nikiona ile misumeno ya mwanga nautoa naushika mkononi, mkono wa upande ambao haujaanza.

Niandikie pembeni nikutumie wangu ubadilishe majina.